Mwani hauna saa ya mwanga mzuri: nilivyopiga picha Unguja nikiwa mwanafunzi

Bahari ya Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, haimpendelei mpiga picha. Siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali kabisa na wakulima wa mwani wanashuka mashambani, kupwa huwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hapo jua limeshapanda, mchanga mweupe unaumiza macho, na nyuso za watu chini ya mitandio zimegeuka kiza kitupu. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hupwa alfajiri na tena alasiri, mwanga ni laini kama unavyoutaka, lakini bahari haiondoki vya kutosha. Mashamba yanabaki chini ya maji na wenyewe wako nyumbani wanapika. Ukitaka mwanga huwapati watu, ukiwataka watu huupati mwanga.

Mimi ni mtoto wa Kericho, nimekulia kwenye majani ya chai, na bahari niliijua kwa safari za shule za Mombasa tu. Nilikuwa nasomea mawasiliano katika chuo kimoja cha Kenya, na atachimenti yangu, yaani mafunzo ya kazini, ikapatikana kwenye shirika dogo la Unguja linalofanya kazi na vikundi vya wakulima wa mwani. Basi kutoka Mombasa kupitia Lungalunga hadi Dar es Salaam, kisha boti, nikafika nikiwa na kamera kuukuu ya Canon niliyoinunua kwa mtu, lenzi moja ya milimita 35, na simu. Kazi niliyopewa ilikuwa picha za vipeperushi vya mafunzo na za maonyesho madogo kuhusu mwani, pamoja na kile walichokiita ofisini "utamaduni na mandhari". Nilikuja kugundua kwamba maana yake ni ngalawa na minazi.

Kabla ya lenzi, barua. Huwezi kuingia kijijini Unguja ukaanza kuelekezea watu kamera kana kwamba umefika kwenye mbuga ya wanyama. Nilipelekwa kwa sheha, kiongozi wa kijiji, na barua ya shirika, tukakaa barazani, tukaulizana habari za nyumbani na za safari, ndipo barua ikasomwa. Baada ya hapo nilipelekwa kwa kikundi chenyewe. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wamechoka kupigwa picha. Mwani ulianza kulimwa kibiashara katika vijiji hivi vya mashariki, Paje na Jambiani, mnamo 1989. Hoteli nazo zikaja kujaa ufuoni, kwa hiyo kila bamvua kuna mgeni amesimama kwenye mchanga mkavu na lenzi ndefu, anapiga migongo iliyoinama bila hata salamu. Ukiwaona wanawake wameipa pwani kisogo, usidhani wote wanafuata upepo.

Nilisaidiwa na mambo mawili: mimi ni msichana, na sikuwa na haraka. Mwanzo nilishuka bila kamera. Nilisalimia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, nikakaa chini ya kibanda cha makuti na kufundishwa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, zile kamba nyembamba za plastiki. Vidole vyangu vilikuwa vizito, wakanicheka sana. Bibi mmoja aliyekuwa kama kiranja wa kikundi aliniuliza, "Kwenu mnalima nini, mwanangu?" Nikamwambia chai, nikamweleza tunavyochuma majani mawili na chipukizi lake na kuyapeleka kwenye mizani siku ileile. Neno mizani likawasha mazungumzo. Kumbe tulikuwa na malalamiko ya aina moja kuhusu kupimiwa.

Suala la ratiba lilitatuliwa na kalenda. Nilikuwa nimepakua programu ya kupwa na kujaa kwenye simu, lakini mama niliyepanga kwake alikuwa na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu kwa wino mdogo chini ya zile kubwa, na yeye hakuwa na haja ya programu yoyote. Mwezi ukiandama kuna bamvua, ukiwa mpevu kuna bamvua. Kwa hiyo tarehe mosi mpaka nne hivi ya mwezi wa Kiislamu, na tena kumi na tano mpaka kumi na nane, maji hutoka sana, na kila siku kupwa huchelewa kwa kama dakika 50. Katikati ya hapo ni maji mafu. Nikaichora ile kalenda upya kwenye daftari. Siku za bamvua ni za watu na kazi. Siku za maji mafu ni za mandhari, ufundi wa nchi kavu, mjini na Kizimkazi. Tangu hapo sikupoteza tena asubuhi kusubiri kitu ambacho bahari haikukipanga.

Lakini kalenda haiwezi kuteremsha jua, na la saa tano nilibaki nalo. Ukiiachia kamera ijipimie yenyewe kwenye mchanga mweupe, inautazama mchanga na kudhani dunia nzima inang'aa, basi inapunguza mwanga na nyuso nyeusi zinakuwa makaa. Ukipima kwa uso, mchanga na maji vinaungua na kuwa weupe usio na kitu. Nilichofanya ni kuacha kupiga nikiwa nimesimama. Nilipiga magoti kwenye maji ya kifundoni, jua likiwa nyuma ya mtu. Mkulima akiinama juu ya kamba zake, ule mchanga mweupe chini ya maji unamrudishia mwanga usoni kutoka chini, mwanga laini usio na vivuli vikali. Studio za mjini hununua makaratasi ya fedha kwa kazi hiyohiyo. Nilipima mwanga kwa uso, nikapunguza kidogo ili anga isipotee, na nikahifadhi faili ghafi badala ya JPEG, picha ambayo kamera imeshaibana, ili nipate nafasi ya kurekebisha baadaye.

Tatizo lingine lilikuwa mng'ao wa maji. Mwani wenyewe, kwa rangi zake za kahawia, kijani na zambarau, hauonekani ukiwa chini ya uso unaometa. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao huo, ila bei yake sikuiweza. Miwani ya jua yenye lenzi za polaraiza niliyoinunua sokoni Darajani, mjini, ilifanya kazi: unaishikilia mbele ya lenzi ya simu, unaizungusha taratibu, na ghafla safu za mwani zinajitokeza mpaka vijiti na vifundo vya taitai. Picha za vipeperushi karibu zote nilizipiga kwa simu na miwani ile. Zilihitaji kuonyesha jambo moja hasa: tofauti kati ya aina mbili za mwani, spinosamu, unaostahimili, na kotonii, wenye bei nzuri lakini unaokufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Ndiyo maana watafiti wa mwani kama Dkt. Flower Msuya wamekuwa wakiwahimiza wakulima kujaribu kulima kwenye kina kirefu zaidi, na ndiyo maana picha ya safu iliyokufa, nyeupe kama mifupa, ilikuwa na thamani kwenye mafunzo kuliko ngalawa kumi.

Nilikuwa huko wakati wa kusi. Upepo huo unatoka baharini moja kwa moja na kuleta rasharasha za chumvi, na chumvi ni adui wa kamera kuliko mvua. Sikuwahi kutoa lenzi nikiwa ufuoni. Kila nikirudi nilipangusa kamera kwa kitambaa kilicholowekwa kidogo maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu, halafu ikalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na mchele uliofungwa kwenye soksi. Mama mwenye nyumba aliuona ule mchele akauliza kama kamera nayo inafuturu.

Siku za maji mafu nilianza na alfajiri. Jambiani inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini, nyuma ya mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, na huzama nyuma ya minazi. Wanaotaka jua linalotumbukia baharini wanakwenda Nungwi na Kendwa. Binafsi picha za machweo zimenikinaisha. Nilichokipenda ni ile nusu saa kabla ya jua, ngalawa zikiwa zimelala kwenye maji yasiyotikisika na wavuvi wakibeba matanga mabegani. Hapo kasi ya shata, kilango cha mwanga ndani ya kamera, inakuwa ndogo na picha hutikisika kirahisi, na kwa kuwa sikuwa na mguu wa kamera niliiegemeza juu ya ubavu wa ngalawa iliyopandishwa na kubana pumzi.

Alasiri nilikaa na wanaotengeneza usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, yakifukuliwa yananuka kwelikweli, kisha hupigwa kwa gongo mpaka nyuzi zitengane na kusokotwa kamba kwenye paja au kiganjani. Harufu haipigwi picha, kwa hiyo nilikazania mikono. Hizo ni picha zilizotaka mwanga wa pembeni, na saa kumi na moja jioni chini ya ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwepo.

Mwanga huohuo wa pembeni niliuhitaji Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Maandishi yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, na ukiyapiga kwa flashi ya mbele yanalala bapa kama chokaa tupu. Niliomba ruhusa, nikavua viatu, nikajistiri vizuri, na msimamizi mwenyewe akakubali kunishikia tochi ya simu upande wa kushoto karibu kabisa na ukuta. Kila herufi ikapata kivuli chake. Mji Mkongwe sikuutumia muda mwingi, milango yake imeshapigwa picha ya kutosha. Niliingia Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nikatazama picha za nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani, nikaona jinsi vichochoro vinavyoonekana vizuri adhuhuri, wakati jua likigonga ukuta mmoja wa chokaa na kumulika wa pili. Saa ileile inayokukatisha tamaa ufuoni ni saa njema kichochoroni.

Julai ikaleta Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba mpaka yanachakaa, wanawake wamevaa kanga na madera mapya wanaimba za kutaniana, na kibanda cha makuti kinachomwa moto huku mtu aliyekuwa ndani akichomoka mbio. Wapiga picha ni wengi na wanasukumana. Nilichofaidi mimi ni kuujua upepo. Kusi huupeleka moshi upande wa kaskazini, na umati wa wageni ulikuwa umejipanga hukohuko kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli. Nilisimama kusini, juani, karibu na kina mama wa Jambiani niliokuja nao. Moto uliposhika wageni walikohoa na kufumba macho, mimi nikawa nao wote kwenye fremu, na mtu anachomoka kwenye makuti mbele yao.

Karibu na mwisho wa atachimenti nilichapisha picha ndogondogo na kuzitandika kwenye jamvi chini ya kibanda. Tulikuwa tumekubaliana tangu siku ya barua kwamba hakuna picha itakayotundikwa bila wao kuiona. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke amebeba gunia la mwani, mgongo umepinda, maji yanachuruzika, jua nyuma yake. Mwenyewe aliitazama, akaifunika kwa kiganja. Ushungi ulikuwa umerudi nyuma, na viatu vyake vilikuwa vya kuvulia. "Hii hapana, mwanangu." Ikatoka.

Walibishana muda mrefu juu ya zilizobaki. Ya Makunduchi ilipita kwa kicheko, ya makumbi ikapita. Kwa picha kubwa, ile ya mbele kabisa ya maonyesho, walichagua moja ambayo mimi nilikuwa karibu kuifuta: siku ya kuuza, gunia limening'inia kwenye mizani, mwanamke amesimama wima pembeni, bahari ni kipande tu nyuma. Bibi yule kiranja aliinyanyua akaisogeza karibu na macho kutafuta sindano ya mizani.

"Hii iwe kubwa," akasema. "Namba isomeke."

Niliipeleka mjini kuchapisha. Kijana wa duka la picha aliitazama kwenye kompyuta yake, akasema fremu imebana, akapendekeza akate mizani kidogo ili bahari ipate nafasi. Nikamwambia akate bahari.