Niliponyamaza

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii sina mahubiri, nina daftari.

Tangu tumzike mama, kila aliyenijulia hali nimemjibu, "Mungu ni mwema." Na ni mwema kweli. Ila usiku nakodolea dari macho, taya zimekaza, na asubuhi naamka na kichwa kizito. Jumatatu nikakutana na Zaburi 32:3: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa." Mstari huo nimeshaufundisha! Siku zote nilidhani ni wa watu wengine.

Usiku ule, saa nane, nikachukua daftari langu la mahubiri, nikaligeuza, nikaanzia nyuma. Neno la kwanza: "Nimekasirika." Kalamu ikatoboa karatasi. Nikaandika ovyo, bila nukta, nikimlaumu Mungu, nikiwalaumu ndugu, hadi mkono ukauma. Nafuu sikuiona. Nililia zaidi.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mmarekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha utafiti wao: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza, tukio pamoja na hisia zake, waliinuka na huzuni kuliko walivyoketi; lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nikajipa moyo, nikaendelea. (Kama kidonda chako bado kibichi mno, tafuta kwanza mtu wa kuketi naye. Kalamu si daktari.)

Ila sisi wa Biblia tunashangaa nini? Ayubu katika mateso yake alilia, "Laiti maneno yangu yangeandikwa sasa!" Zaburi ya 88 imeishia gizani, wala hakuna aliyeibandika "haleluya" mkiani. Katika Maombolezo sura ya tatu, uchungu umepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania, kila herufi mistari mitatu, herufi zote 22. Mtu analia, na bado anahesabu mistari! Na Roho Mtakatifu ameyatunza yote hayo. Sisi je? Mjane anafungua tu kinywa, "Siku nyingine naona kama Mungu ameniacha," tunamkata: "Usikiri hivyo dada, shukuru!" Tumewaziba watu midomo, tukaita imani. Wapendwa, tuache. Mwacheni mtu aseme, na asiyeweza kusema mpeni karatasi, wala msiiombe kuisoma. Nami nimo, nimewaziba watu midomo msibani, Biblia mkononi. Nisameheni.

Alhamisi, usiku wa nne, kikatoka kilichokuwa chini ya vyote. Simu ya mama. Iliita usiku nikiwa nimechoka, nikaigeuza kifudifudi mezani, nikasema nitampigia asubuhi. Asubuhi waliopiga ni wengine. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Niliandika mistari mitatu tu.

Mfalme Hezekia wa Yuda alipoletewa ule waraka wa vitisho wa mfalme wa Ashuru, alipanda nyumbani kwa BWANA "akaukunjua mbele za BWANA." Nami nikaliweka daftari kitandani, wazi, ukurasa uleule, nikapiga magoti. Maombi yangu yalikuwa maneno mawili: "Soma, Baba."

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa macho. Nikalisogeza daftari upande wake.