Kumeta Kuwe Ndani ya Rangi

Leo nimepaka jigi tangu adhuhuri hadi giza likaingia, na nimezidi kuamini jambo ambalo huwa nabishania na wavuvi wenzangu: glita, vile vipande vidogo vya plastiki vinavyometa, si pambo la kubandikwa juu ya rangi. Mahali pake ni katikati, rangi ikiwa chini yake na poda angavu, yaani rangi ya unga inayopitisha mwanga kama kioo, ikiwa juu. Ikilala hapo humeta vizuri zaidi, hudumu, na haibaki majini.

Kwa asiyeijua, jigi ni ndoana iliyomwagiwa metali ya risasi iliyoyeyushwa shingoni ikapata kichwa, kisha ikavalishwa manyoya, nyuzi au mkia wa plastiki laini. Unaiacha izame, unainyanyua ghafla, inaruka, inazama tena. Uhai wake wote umo katika huko kupanda na kushuka. Ngozi na magamba ya samaki wadogo yana fuwele za guanini zinazorudisha mwanga, ndiyo maana samaki mdogo akigeuka ubavu unaona mng'ao ukiwaka na kuzimika mara moja. Samaki awindaye kwa macho huuona. Glita iliyotua kwenye kichwa cha mviringo hufanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa kila kipande kimeelekea upande wake, na jigi inapojipindua huwaka vichache, vikazimika, vikawaka vingine.

Njia inayowavutia wengi ni kumwaga glita moja kwa moja ndani ya kikombe cha poda, ile rangi ya unga ambayo kichwa huchovywa. Ninaelewa kwa nini: kikombe kipo, pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki inapuliza kutoka chini, poda imeinuka na inachezacheza kama maziwa yanayotaka kufurika, basi ukichovya mara moja umemaliza. Lakini vipande vya glita ni bapa na ni vikubwa kuliko chembe za poda, na hewa haivibebi kwa namna moja. Vinajitenga. Jigi moja inatoka imejaa, inayofuata ina vipande viwili vitatu vilivyosimama kwa ukingo. Na vile vilivyosimama ndivyo vinavyoniudhi zaidi, maana hutoboa uso wa rangi, na rangi ikigongwa na jiwe huanzia kubanduka papo hapo.

Rangi ya poda haina kimiminika chochote. Ni chembe za plastiki yenye rangi ambazo huyeyuka zikigusa kitu cha moto, na zikishaokwa hushikana na haziyeyuki tena. Kichwa nakipasha hadi karibu nyuzi 175 za Selsiasi. Risasi yenyewe huyeyuka kwenye 327, kwa hiyo nafasi ni kubwa. Naishika ndoana kwa koleo kwenye kipindo chake, nakizungusha kichwa juu ya mwali wa taa ya spiriti, mwali upige risasi na usiiguse ncha ya ndoana. Nachovya, natikisa, natoa.

Hapo ndipo pa kutazama. Kichwa hutoka kikionekana kikavu na chenye punjepunje. Kisha, kuanzia palipo na joto jingi, uso unalainika, unang'aa, rangi inakolea. Punjepunje zikibaki, joto halikutosha na kinarudi motoni. Kikitoka na rangi nene inayoanza kujikusanya puani, joto limezidi. Joto likiwa sawa, kati ya kulainika na kuganda kuna sekunde chache ambazo uso unanata, na glita huingia ndani ya sekunde hizo. Naichota kwa ncha ya brashi kavu, laini, halafu nagongagonga mpini kwa kidole ili vipande vianguke vichache vichache huku mkono wa pili ukikigeuza kichwa. Kila kinachogusa kinanasa. Mimi hupiga mbavu na mgongo tu, tumbo naliacha tupu, kwa sababu jigi iliyometa pande zote inapoteza umbo lake machoni mwa anayeitazama kutoka chini.

Kisha nakipasha tena, kidogo na kwa mbali, tayari kwa poda angavu. Hii siichovyi. Vipande vilivyolegea vingedondokea kikombeni na kuichafua poda yote, kwa hiyo nainyunyiza kwa brashi nyingine. Poda angavu hutua ikiwa nyeupe, inafunika rangi na glita pamoja, na kwa dakika ile kazi yote inaonekana imeharibika. Halafu inayeyuka. Weupe unajiondokea, na chini yake glita inajitokeza ikiwa imezama, ina kina ambacho haikuwa nacho ilipokuwa juu. Nimeshaliona mara nyingi na bado husimama kulitazama.

Tundu la kufungia mshipi nalizibua kwa sindano rangi ingali laini. Baada ya hapo ni oveni, dakika 15 hadi 20 kwenye nyuzi 175, jigi zikiwa zimening'inizwa bila kugusana. Wapo wanaoruka hatua hii kwa kuwa rangi tayari inang'aa. Kung'aa si kuiva. Rangi isiyooka hubanduka kwa pigo la kwanza la mwamba, na glita yake inakwenda nayo. Oveni yenyewe iwe ya kazi hii peke yake, isipikiwe chakula kamwe, kwa sababu risasi ni sumu. Madirisha yawe wazi, barakoa usoni, mikono ioshwe kabla ya kugusa kitu kingine. Na kikombe cha poda kikae mbali na mwali: poda laini ikitimka hewani inaweza kushika moto.

Glita yenyewe haifanani. Iliyotengenezwa kwa poliesta kwa kawaida huvumilia joto la oveni. Nyingine, hasa za plastiki ya PVC, hujikunja, hufifia au hugeuka rangi. Kabla ya kuamini chupa mpya, namwaga kiasi kidogo kwenye karatasi ya foili na kuiweka ovenini peke yake kwa muda uleule ambao jigi ingekaa. Vipande vikitoka bapa, na rangi ileile vilivyoingia nayo, chupa inapata nafasi mezani. Fedha na dhahabu mara nyingi hupita. Waridi na zambarau ndizo ninazozichunguza kwa makini zaidi.

Kwa ukubwa, napenda vipande vya milimita 0.2 kwenye vichwa vidogo vya gramu tatu au nne, na 0.4 kwenye vile vizito. Vya milimita 1 ni vizuri kuvitazama chupani, ila kwenye uso uliopinda havilali. Kuhusu wingi, rafiki yangu tunayevua naye huniambia, "Ndugu yangu, mwaga tu, samaki hana hesabu." Namheshimu, anavua kuliko wengi ninaowajua, lakini hapa sikubaliani naye. Glita ikifunika rangi yote, kichwa kinakuwa kitu kimoja kinachong'aa muda wote, na kile kuwaka na kuzimika kinapotea. Inahitaji rangi tupu kuizunguka ili ionekane. Katika maji maangavu natumia fedha, tena kidogo sana. Maji yakiwa ya kahawia au yenye tope, dhahabu na shaba huonekana vizuri zaidi, na hapo naongeza mkono kidogo. Nyekundu siitegemei kwenye kina, kwa kuwa maji hunyonya mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine na glita hiyo huishia kuwa madoa meusi.

Kuna sababu nyingine ya kuifungia ndani, na kwangu ina uzito sawa na hiyo ya uzuri. Glita hii ni plastiki. Kila kipande kinachobanduka kinabaki ziwani au mtoni, na ni kidogo mno kwa yeyote kukiokota. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki iliyo huru mnamo Oktoba 2023, katika kanuni zake kuhusu chembe ndogo za plastiki, lakini uliacha nafasi kwa chembe zinazofungwa daima ndani ya kitu kigumu. Naona mpaka huo umewekwa mahali sahihi. Jigi iliyookwa vizuri chini ya poda angavu iko upande mmoja wa mpaka. Iliyopakwa gundi na kunyunyiziwa glita juu iko upande mwingine, hata kama madukani zinafanana. Kwa sababu hiyohiyo meza yangu naifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kitambaa kinakwenda kwenye taka. Siisuuzi glita kwenye sinki, maana mfereji nao unaishia majini.

Risasi nayo ina kesi yake. England na Wales zilipiga marufuku risasi nyingi za kuzamishia mshipi mwaka 1987, baada ya mabata maji kuzimeza na kufa. Ninahamia kwenye bati pole pole. Huyeyuka kwenye nyuzi 232, kwa hiyo linastahimili oveni ileile, ila halitaki kusahauliwa juu ya mwali. Mchanganyiko wa metali ya bismuthi na bati ni suala jingine: ule unaotumika sana huyeyuka kwenye nyuzi 138, chini kabisa ya joto la kuokea, na ukiuweka ovenini utakuta ndoana tupu zinaning'inia juu ya dimbwi la metali. Vichwa hivyo navipaka rangi ya kawaida, kisha epoksi, gundi ya sehemu mbili inayoganda zikichanganywa, yenye glita kidogo ndani, kisha tabaka jembamba la epoksi tupu, vikizunguka taratibu kwenye mota mpaka igande ili isichuruzike upande mmoja. Kazi ni ndefu zaidi na uso wake hauwi mgumu kama poda, lakini glita inabaki ndani.

Kesho zamu ni ya vichwa vya kahawia, glita ya shaba ya milimita 0.4, mbavuni tu. Mvua imenyesha na maji yatakuwa na tope kwa siku kadhaa.