Baiti Moja

Juzi simu ya mtoto wa dada yangu iligoma kupiga picha, eti imejaa. Tukaketi kufuta vitu, tukakuta mchezo wa karata, karata za kawaida kabisa, umekula megabaiti mia tatu na ushei. Akaniuliza, "Ma'mdogo, kwani programu inaweza kuwa ndogo mpaka wapi?" Nikamwambia baiti moja, yaani nafasi ya herufi moja tu. Akacheka, akaendelea kufuta.

Mimi nikabaki Tanga, mwaka 2003, chuo kile cha ghorofani. Mwalimu alikuwa kachoka na maswali yetu ya asembli, lugha ya kuamrisha prosesa hatua kwa hatua, akatupa shindano: nani ataandika programu ndogo kuliko zote, ianze na ijimalize yenyewe bila kugandisha mashine. Mshindi angelipiwa chipsi mayai.

Waliokimbilia lugha ya C walitoka na faili za maelfu ya baiti hata kabla hawajaandika la maana, maana kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, huipakia programu mizigo yake ya kuanzia. Sisi wengine tukafungua DEBUG, ile zana kavu ya DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, iliyokuwamo hata kwenye Windows 98. Inakupokea kwa kistari kimoja, kisha kimya. Utajua mwenyewe.

Hakimu (tulimwita hivyo kwa ubishi wake) akatangulia. Tisa ndani ya AH, anwani 0108 ndani ya DX (hivi ni visanduku vya namba ndani ya prosesa), INT 21h ya kuiomba DOS iandike kwenye kioo, halafu RET, na mwishoni neno Mambo likifungwa na alama ya dola. Baiti nane za amri, sita za maneno, jumla 14. Akaiendesha, kioo kikasema Mambo. Darasa likampigia makofi, naye akapokea kama mtu aliyekwisha kula chipsi.

Jicho langu lilikuwa kwenye ile baiti ya nane, C3, yaani RET. RET humwambia prosesa arudi alikotoka. Sasa programu hii ilitoka wapi? Jibu lilikuwamo kwenye fotokopi zetu zilizofifia: DOS ikipakia faili ya .COM, yaani programu ndogo ya DOS, hutenga kwanza baiti 256 za matayarisho, ndiyo maana programu huanzia anwani 100h, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 256. Mwanzoni kabisa mwa eneo hilo huweka baiti mbili, CD na 20, amri ya INT 20h ya kufunga programu. Kisha hutanguliza sifuri kwenye steki, rundo ambalo RET huchukulia anwani ya kurudi. RET ikiichukua ile sifuri, prosesa anaruka hadi anwani sifuri, anakutana na INT 20h, kazi imekwisha.

Kwa hiyo zile baiti nyingine zote zilikuwa za nini?

Nikaandika a 100. Nikaandika ret. Nikabonyeza Enter mara mbili, kistari kikarudi. Rcx, ili niitajie urefu wa programu. Ikanionyesha CX 0000 na nukta mbili, ikangoja. Nikaandika 1. Kidole kilisita hapo, maana sijawahi kuiambia kompyuta ihifadhi kitu kidogo namna ile, nikadhani itakataa. Nikaipa jina, moja.com, kwa herufi n. Halafu w. Ikajibu kwamba inaandika baiti 00001, kwa sifuri zake zote nne mbele, kama risiti ya benki.

Nikatoka DEBUG, nikaandika moja, Enter. C:\> ikashuka chini, tayari kwa amri nyingine, basi.

"Imefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Imemaliza."

Walicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Hakimu hakucheka. Alisema nimeiba: kazi ya kumaliza imefanywa na baiti za DOS, zihesabiwe na zile 256. Tena kwenye flopi ile baiti yangu moja inashika sekta nzima ya baiti 512, sawasawa na 14 zake. Hapo alikuwa na haki, sikuwa na jibu. Mwalimu akakuna kidevu, akaamua kwamba programu isiyofanya kitu itapata chipsi bila mayai. Nikala hivyo hivyo.

Miaka baadaye nilisoma kwamba kwenye Linux ya biti 32 wapo walioifikisha programu baiti 45, ingawa kichwa cha faili ya ELF, muundo wa programu za Linux, peke yake ni baiti 52. Wamepachika amri ndani ya kichwa chenyewe, kisha wakakata sifuri za mkiani kwa sababu kaneli, kiini cha Linux, huzijaza yenyewe. Na yao walau hurudisha namba, 42. Nikaona hata wale wakubwa wanaegemea mgongo wa mwingine, nikamtumia Hakimu kwenye grupu la darasa.

Hakuyumba. Nikamwandikia kwamba akianza kuhesabu vya DOS itabidi ahesabu na vya BIOS inayoiamsha kompyuta, na saketi za prosesa, na mwisho umeme wa TANESCO.

Akajibu neno moja: "Hesabu."