Maua yangu hakuna anayeyamwagilia

Watu wakiona picha zangu za maua wanadhani nyumbani nina bustani, mwingine juzi kaniuliza kabisa mbegu nanunuaga wapi. Jamani, mi nimepanga Kirumba hapa Mwanza, huko juu kwenye mawe, chumba na sebule, uwanja wetu ni jiwe tupu hata bamia haioti. Maua yote mnayoyaona nayatoa mtaroni, pembeni ya reli, kwenye mashamba ya watu na ziwani, na karibu yote ni magugu, yaani vitu ambavyo mwenye shamba akiviona anatafuta jembe. Na siyo kwamba nimekosa waridi. Waridi nimepiga, bustani za mahoteli kule Capri Point nimepiga, mlinzi kanisimamia kichwani mwanzo mwisho, lakini ua la bustani ukishalisogelea sana mara nyingi linaisha, rangi moja, petali juu ya petali, basi. Gugu ukiliingilia sentimita 5 ndo kwanza linaanza.

Chukua kishona nguo. Kila mtu aliyewahi kupita njia ya mkato na suruali ya kitambaa anakijua, vile vimbegu vyeusi vyembamba vyenye miiba miwili mitatu kichwani, unafika nyumbani unakaa kibarazani unavichomoa kimoja kimoja huku unatukana. Ua lake sasa, nani analiangalia? Ile njano ya katikati siyo kitu kimoja, ni maua madogo madogo yamebanana, kila kimoja kina ncha zake tano, katikati kinatoa kijiti cheusi cheusi cha chavua, halafu juu ya hicho kijiti kinachomoza kitu cha njano kinachopasuka mara mbili na kujikunja pande zote kama masharubu ya mzee. Na havifunguki kwa pamoja, vinaanza vya nje vinakuja ndani, kwa hiyo kwenye ua moja utakuta vya pembeni vimeshazeeka, vya kati viko kwenye chati, na vya katikati kabisa bado ni vifundo vimefungwa. Hayo yote kwenye kitu chenye upana wa kifungo cha shati, na kimeota nyuma ya choo cha stendi.

Sasa vifaa, maana hilo ndo swali la kila siku. Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, yenyewe sina. Nina kamera ya mtumba ya sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachonasa picha), lenzi ya milimita 50, na zile tyubu tupu za kurefusha lenzi ambazo ndani hazina kioo chochote, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa tu. Zinakujaga tatu, milimita 12, 20 na 36. Hesabu yake ni nyepesi, urefu wa tyubu gawa kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo ukiweka ya 36 kwenye lenzi ya 50 unapata kama 0.7 ya ukubwa halisi, ukifunga zote tatu unavuka moja, yaani mdudu wa milimita 4 kwenye sensa anakaa zaidi ya milimita 4. Shida ya tyubu za bei chee ni kwamba hazina nyaya za kuongea na lenzi, sasa lenzi za kisasa apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, inaongozwa na kamera, ukikata mawasiliano inabaki wazi kabisa. Kuna ujanja wa kamera za Canon wa kuset apacha, kubonyeza kile kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, yaani sehemu ya picha inayotoka kali, na kuchomoa lenzi huku umekishikilia, inabaki pale ulipoiacha, inafanya kazi vizuri tu ila mi kuchomoa lenzi kamera ikiwa imewaka kwenye vumbi la huku kwetu roho inaniuma. Bora tafuta lenzi ya zamani yenye pete ya apacha ya kuzungusha kwa mkono, zile ambazo watu wanaziona takataka.

Wenye simu msijisikie wanyonge. Ile kamera ya megapikseli 2 waliyoiandika makro nyuma ya simu achana nayo, imewekwa kuongeza idadi ya macho. Tumia kamera kubwa, rudi nyuma kidogo, zumu mara mbili, au nunua kile kilenzi cha kubana na klipu. Tena simu kwa sababu sensa yake ni ndogo inakupa kina kikubwa cha fokasi kuliko kamera, sehemu kubwa zaidi ya ua inatoka kali. Na kama unaona aibu kwenda kupiga mitaroni, kulikuwa na Mjerumani mmoja anaitwa Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa Berlin, kamera zake alijitengenezea mwenyewe, alikuwa anaokota mimea ya pembeni ya njia anaikuza hadi mara 30, miaka na miaka hakuna anayemjua, picha zikaja kuvuma 1928 akiwa ameshavuka 60.

Kina cha fokasi ndo ugomvi wenyewe. Ukiwa kwenye ukubwa wa moja kwa moja, yaani milimita 1 ya ua ni milimita 1 kwenye sensa, na apacha f/8 (namba ikikua tundu linapungua), kwenye kamera kama yangu kinachokaa kwenye fokasi hakifiki hata milimita 1. Unaweza kusema basi nifunge apacha hadi f/16, sawa, lakini ukiwa karibu hivyo f/16 inafanya kazi kama f/32, mwanga unapita kwenye tundu dogo mno na picha nzima inalainika, inakuwa kama umeipiga na lenzi yenye mafuta. Mi nakaa f/8 hadi f/11 nachagua sehemu moja iwe kali, kile kijiti, au ukingo wa petali, mengine yaende zake. Fokasi ya otomatiki nazima kabisa, inahangaika mbele nyuma mpaka nyuki anaondoka, naiseti mara moja halafu nasogea mwili wenyewe, taratibu, napiga mfululizo nikipita pale ninapopataka. Kuna wanaounganisha picha nyingi kwenye kompyuta ili ua zima liwe kali, inapendeza, lakini inataka ua lisitikisike, na sisi tunaishi pembeni ya ziwa.

Upepo wa Mwanza una ratiba. Nchi kavu inapata moto kuliko maji, hewa ya juu ya mawe inapanda, basi ya ziwani inakuja kujaza nafasi, kuanzia kwenye saa 4 asubuhi huko kila kitu chenye shina refu kinacheza singeli. Asubuhi mapema kunakuwa kumetulia. Jua letu linachomoza kwenye saa 12:45 na tukiwa digrii 2 na nusu tu kutoka ikweta halina mambo ya kuzungukazunguka, linapanda moja kwa moja, saa 3 tayari mwanga ni mkali, kivuli cheusi, petali zinaungua. Kwa hiyo muda wangu ni huo kati ya saa 1 na saa 3, baadaye nakimbilia dukani, nauza vipuri vya pikipiki na mabodaboda hawasubiri. Ikibidi nipige jua likiwa kali nawekaga kipande cha dumu jeupe kati ya jua na ua, mwanga unalainika, na foili ya chipsi kwa chini kuinua kivuli. Dumu la mafuta lile la njano usijaribu, kila kitu kitakuwa na homa ya manjano.

Halafu kuna wale wadudu wa ziwani, wanatoka majini wingu zima kama moshi, ukiwaona kwa mbali wanakuja funga begi ondoka, wanaingia machoni, wanaingia kwenye tyubu, wanaganda kwenye kioo. Buibui wanaposhangilia mi nakuwa nimeshaharibikiwa.

Ua ninalolipenda kuliko yote hapa kwetu najua litawaudhi watu, ni la gugu maji. Najua. Lilitoka Amerika ya Kusini, kwenye ziwa letu likaonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, tunaambiwa liliteremka na mto Kagera, na toka hapo limeziba mialo, limekata nyavu, limezima mashine za mitumbwi. Lakini lisogelee. Petali sita za zambarau iliyopauka, tano zimekaa tu, ile ya juu ndo ina mambo, katikati ina doa la njano, njano kali ya kiini cha yai la kienyeji, limezungushiwa bluu iliyokolea, halafu bluu inatawanyika kwenye mishipa mpaka inapotelea kwenye zambarau. Vijiti vya chavua vina vinywele vidogo vyenye kitone kichwani kila kimoja, kwa macho matupu huvioni kabisa. Na ua linafunguka asubuhi, jioni limeshachoka, baada ya hapo shina lenyewe linapinda kuelekea majini kupeleka mbegu chini, na mbegu zikikaa kwenye tope zinaweza kungoja miaka na miaka.

Kulipiga sasa. Picha nzuri inataka uwe usawa wake, maana yake uso karibu na maji, na kuingia majini mi siingii. Konokono wa kichocho wanakaa hapo hapo kwenye majani ya ukingoni, na watu wa mwambao huu wanaijua praziquantel, dawa ya kichocho, kuliko panadol. Kwa hiyo nakodi mtumbwi. Kwenye mtumbwi tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ni mzigo tu, mtumbwi unapanda, ua linashuka, kila mmoja na safari yake. Dawa ni mkono wa kushoto, unalishika shina kwa vidole, na lenzi unailaza juu ya mkono huo huo, basi ua na lenzi vinatikisika pamoja, mawimbi yafanye yanavyotaka. Huu ujanja unafaa hata shambani kwenye upepo, sijui kwa nini watu wanauziana tripodi.

Kijana aliyekuwa ananipigia kasia upande wa Igombe alivumilia weee mwisho akashindwa, "Kaka samahani, hili gugu wiki iliyopita limeondoka na nyavu za mzee, we unalipiga picha?" Nikamgeuzia kioo cha kamera. Akaangalia, akaikuza kwa kidole, akakaa kimya, "Kumbe lina jicho." Nikasema unaona sasa. Akasema, "Sawa, ukimaliza basi ondoka nalo lote." Sikuwa na jibu kwa kweli.

Kwenye majani ya hilo gugu angalia pia vile vialama vidogo vya kahawia, vingi, hayo ni meno ya fukusi walioletwa miaka ya 1990 kuja kulila, nao asili yao ni huko huko lilikotoka. Mchana wanajificha chini kwenye kikonyo, usiku ndo wanakula. Mwenyewe ana milimita 4 au 5, mgongo wa kijivu umejaa magamba, na mimi kumpata mchana kwenye mwanga mzuri bado namdai.

Rangi zinasumbua. Zambarau ya gugu maji simu inaigeuza bluu, ukipiga kwenye kivuli cha asubuhi ndo kabisa, weka mizani ya rangi (white balance) kwenye ile alama ya mawingu itarudi. Nyekundu ni mbaya zaidi, haibiskasi au ua la mti wa mkrismasi wa Desemba ukiiacha kamera ijiamulie unapata bonge la wekundu halina mshipa hata mmoja, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kukata mwanga nusu), mishipa itatokea. Na bogenvilia, wala usihangaike na ile pinki, yale ni majani, ua lenyewe ni kile kidude cheupe chembamba katikati.

Kitu ambacho nakisubiri kila mwaka ni pamba. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua pamba ikishakuwa nyeupe kwenye gunia, ila ua lake asubuhi ya kwanza ni la rangi ya maziwa yenye njano kwa mbali, kesho yake limekuwa pinki, linaendelea kuiva hadi wekundu halafu linanyauka linadondoka. Kwenye mche mmoja unapata yote mawili, la leo na la jana. Chavua yake ni punje kubwa, ukiwa na tyubu zote tatu unaihesabu, viduara vya njano vimeganda kwenye kijiti cha katikati na kwenye miguu ya nyuki. Nilikuwa shamba moja njia ya Magu nimelala kifudifudi kati ya mistari, mama mwenye shamba akanikuta. "Mwangaluka," akanisalimia Kisukuma. Nikanyanyuka, nikaitikia, shikamoo mama nikaweka juu yake. "Marahaba mwanangu, umeanguka?" Nikamweleza. Akacheka sana, halafu akanichagulia mwenyewe, hilo acha la jana hilo, njoo huku, hili limefunguka sasa hivi, hata nyuki hajaingia. Wabeja mama, yaani asante. Kwenye picha iliyotoka pale, ukiangalia pembeni kushoto kuna sisimizi anachungulia, sikumuona mpaka nimefika nyumbani.

Pamba hapa inachanua sanasana Februari na Machi, kabla ya funza wa vitumba hawajawapeleka watu mbio kwenye mabomba ya dawa. Mwenye shamba upande wa Magu, Kwimba au Misungwi anayeweza kunivumilia asubuhi moja anistue, ila kama umepiga dawa wiki hiyo niambie mapema, mi nalalaga chini.