Siku Tano Pangani: Tulikolala na Tulikokula

Moshi, Jumapili jioni.

Tangu turudi kutoka pwani wiki iliyopita, kila ninayekutana naye kazini na kanisani ananiuliza maswali mawili yale yale, yaani tulilala wapi na tulikula wapi, nami kila mara najikuta nikitoa jibu la haraka lisilotosha. Leo mlima umejifunika tangu mchana, Mama amekwenda kulala mapema, nami nimeketi jikoni na daftari ili niyaandike yote kwa utulivu. Nianze kwa kukiri kwamba siku mbili za kwanza tulikosea, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu nilichagua chumba kabla ya kuchagua jiko.

Watu wengi wa huku wakitaja pwani huwa wanamaanisha Zanzibar au Dar es Salaam, na wachache huvuka mpaka wa Holili kwenda Mombasa. Mimi niliitaka Pangani kwa ajili ya mto. Maji ya Karanga na Weruweru, yale tunayoyavuka darajani kila tunapokwenda Arusha, huingia katika mto Kikuletwa, na Kikuletwa hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani mto huo huitwa Pangani, hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme kule Hale, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi kwenye mji unaobeba jina lake. Mama ana umri wa miaka 71. Perege wa Nyumba ya Mungu amewala tangu bwawa lilipojengwa, lakini bahari alikuwa hajaiona hata mara moja. Nilipomweleza safari ya maji hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi twende tukaone yanakoishia."

Tuliondoka stendi ya Moshi alfajiri, mwanzoni mwa likizo fupi ya Septemba, sisi wawili pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Hadi Tanga ni takriban kilomita 350, kwa kupitia Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, na sehemu nzuri kuliko zote ni pale milima ya Usambara inapokusindikiza upande wa kushoto kwa muda mrefu hadi ukaizoea. Muheza tulinunua machungwa dirishani. Kutoka Tanga mjini tulielekea kusini kilomita zipatazo 50 kupitia mashamba ya mkonge na minazi, tukafika Pangani saa kumi kasoro.

Hoteli niliyoiwekea nafasi kwa simu ilikuwa juu ya mwamba, nje ya mji upande wa kaskazini, na sitaitaja jina kwa kuwa wahudumu wake walitutendea kwa heshima. Chumba kilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu hata moja, na kutoka barazani bahari yote ilikuwa mbele yetu, imejaa hadi inapiga chini ya mwamba. Mama alisimama pale akiwa bado ameshika mkoba wake mkononi, hakuketi kwa muda mrefu. Kwa saa ile moja sijutii fedha niliyolipa.

Shida ilianza wakati wa chakula cha jioni. Niliagiza samaki, nikaletewa kipande kikavu pamoja na chipsi, na nilipouliza kwa upole, kijana aliyetuhudumia akanieleza bila kuficha kwamba samaki wao hukaa kwenye friza na huletwa kwa gari siku maalumu za wiki. Kesho yake jioni tuliletewa kuku. Wakati huohuo, chini yetu kabisa, mashua zilikuwa zinaingia mlangoni mwa mto na samaki wa siku ileile. Pia kulikuwa na ngazi ndefu ya kushukia ufukweni, na magoti ya Mama hayaziwezi ngazi kama zile zaidi ya mara moja kwa siku. Picha niliyoonyeshwa kwenye simu ilikuwa ya kweli kabisa, ila haikuonyesha ngazi wala friza, na mimi sikuuliza.

Asubuhi ya tatu tulihamia mjini, katika nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na soko. Hapakuwa na mandhari yoyote ya kujivunia, kwani dirisha letu lilitazamana na ukuta wa jirani na mnazi mmoja, maji ya bomba yalikatika alfajiri tukaogea ya ndoo, na feni ilikuwa inalia. Lakini hatukutembea hata dakika tano kufika ukingoni mwa mto, na barabara ni tambarare. Mwenye nyumba alimwamkia Mama shikamoo, akamuuliza kama anatumia pilipili, kisha akatuelekeza kwa mama mmoja anayepika karibu na mahali wavuvi wanapopakua samaki. Akatuasa tuende asubuhi tukaagize chakula cha mchana, tusingoje njaa ituume, kwa sababu mama yule hununua samaki kwa kadiri ya watu waliomwambia.

Niliketi kwenye kigoda pembeni yake karibu saa mbili nzima, na ningependa mtu yeyote aendaye Pangani apate saa mbili kama zile. Alikuna nazi mbili kwenye mbuzi, akazimwagia maji ya vuguvugu, akazikamua kwa kifumbu kilichosukwa kwa ukindu, lile tui zito la kwanza akaliweka kando na lile jepesi la pili akalipeleka kwenye wali. Changu alikuwa amekwisha kuchanjwa na kusuguliwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu na tangawizi, akawekwa juu ya makaa ya vifuu. Kisha tui zito likabandikwa na bizari na pilipili, naye akawa analikoroga polepole bila kuinua macho. "Usiache kukoroga, dada," aliniambia, "tui likikatika halirudi." Lilipokuwa zito kama uji alichukua kipande cha kumbi alichokichambua ncha ikawa kama brashi, akawa anampaka samaki, anamgeuza, anampaka tena, na kila mara tone likianguka kwenye makaa ulisikia mlio na harufu ikapanda. Huyo ndiye samaki wa kupaka. Nimemla Moshi mara kadhaa akiitwa kwa jina hilo, na sasa najua kwamba nilikuwa nakula samaki aliyemwagiwa mchuzi.

Mama, ambaye mezani kwetu huchokoa samaki kwa mashaka kwa sababu ya miiba, alimaliza wake, akaomba kisamvu cha nazi, akaomba na kijiko. Siku iliyofuata ndiye aliyetuamsha. Kwa asubuhi tulikunywa chai ya iliki na tangawizi kwa vitumbua vya moto, siku nyingine tukala mbaazi za nazi kwa mahamri. Usiku mama huyo hapiki, ila kuna pweza wa kuchoma barabarani, na mwanangu alikula hadi nikamzuia.

Jioni tuliketi kwenye benchi la muuza kahawa. Mama amechuma kahawa tangu utoto wake Old Moshi, lakini nyumbani kwetu kinywaji kilikuwa chai, na hakuwahi kuinywa kahawa hivyo, chungu, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, akitafuna kashata kati ya fundo na fundo. Mzee mmoja aliyeketi nasi alitueleza habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888 na ambaye walimnyonga papo hapo Pangani Desemba 1889. Mama akamjibu kwamba kwao nako Wajerumani walimnyonga chifu wao, Mangi Meli, mwaka 1900. Walizungumza hadi adhana ya Isha, wageni wawili waliokutana siku ile, na mimi nikawa msikilizaji tu. Barazani kule juu ya mwamba tulikuwa na bahari yote, lakini mtu wa kuzungumza naye hatukumpata.

Naomba niandike kidogo kuhusu maji kujaa na kupwa, kwa sababu sisi wa bara hatulifikirii jambo hili tunapopanga safari. Asubuhi ya kwanza pale hotelini, saa nne, Mama alitoka barazani akaniuliza bahari imekwenda wapi. Ilikuwa bamvua, maana mwezi ulikuwa mpevu, na siku za bamvua bahari ya ukanda huu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Kwa kawaida wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivi kwamba baada ya wiki mambo huwa yamegeuka, asubuhi maji yamejaa na jioni yamepwa. Huo wa wiki ya pili ndio wakati wa maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo. Anayetaka watoto waogelee jioni aende karibu na bamvua, na anayependa kuoga baharini baada ya chai ya asubuhi aende siku za maji mafu. Mimi nilibahatisha, na safari ijayo nitaangalia mwezi kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Usiku wa mwisho tulilala Ushongo. Tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, kisha tukasafiri kilomita kama 15 kuelekea kusini hadi kwenye kijiji cha wavuvi ambacho ufukwe wake ni mrefu, mweupe na hauna ngazi hata moja, kwa kuwa mabanda yamejengwa mchangani kwenyewe. Safari hii niliuliza maswali kabla ya kulipa. Niliuliza samaki wanamnunua wapi na lini, kama mpishi ni mtu wa pale kijijini, kama tunaweza kuagiza cha jioni asubuhi, kama maji ya kuoga yana chumvi, na ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi kwenye maji. Mwenye banda alicheka aliposikia swali la hatua, akaenda akazihesabu, akarudi na jibu la arobaini. Chakula chake kilikaribia cha yule mama wa mjini, ingawa kwa wali sikuona wa kumshinda yule. Bei ya usiku mmoja ilikuwa juu kuliko ya mjini, lakini ndani yake mlikuwa na chakula cha asubuhi na cha jioni, na kwa familia yenye mzee hiyo ni nafuu ya kweli, kwani ukishaingia Ushongo migahawa mingine iko mbali na gizani hakuna usafiri wa uhakika.

Kutoka Ushongo ndipo tulipokwenda Maziwe, mimi na mwanangu, huku Mama akibaki kivulini. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kisha mawimbi yakakila hadi miti ikaisha, na sasa ni fungu la mchanga linaloibuka maji yanapopwa na kuzama yanapojaa. Kasa bado hupanda pale kutaga, na kwa kuwa mayai yangefunikwa na maji, viota huhamishiwa ufukweni Ushongo hadi vitotoe. Hakuna kivuli wala maji ya kunywa, kwa hiyo vyote hivyo mtu avibebe mwenyewe. Nilifunga samosa na machungwa yale ya Muheza, tukala tukiwa tumesimama na miguu majini, na maji yalipoanza kurudi nahodha akatuita.

Wanaonitaka nitaje sehemu moja tu, ninawaambia walale Pangani mjini usiku wa kwanza na wa pili ili wapate jiko na watu, kisha wamalizie Ushongo kwa ajili ya bahari. Waende kuanzia Juni, masika yakishapita, kwa maana Aprili na Mei mvua huwa nzito na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Wavae kwa staha mjini, na Ijumaa wasishangae kukuta jiko limefunikwa wakati wa sala, kwani baada yake hufunuliwa na wali huwa bado wa moto.

Siku tuliyoondoka, Mama alimuaga yule mama mpishi kwa kumwahidi mkungu wa ndizi mshare. Nilidhani ni maneno ya kuagana tu, lakini Jumatano alikata mkungu shambani, akaufunga kwa majani yake, akanituma stendi kuupakia kwenye basi la Tanga. Jana jioni simu yangu iliita nikiwa namenya vitunguu. Mama mpishi aliamkia, akaomba kuongea na bibi, na nilisikia akimuuliza kama machalari, kile chakula chetu cha ndizi, anaweza kuyapika kwa tui badala ya maziwa. Mama alifikiri kidogo, akamwambia ajaribu, ila aanze na tui jepesi, lile zito alitie mwishoni, na asiache kukoroga.