Nilikiziba mkia kimeng'enya changu

Hii ilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa masta Ujerumani. Nilikuwa nashughulika na kimeng'enya cha ini kinaitwa AGT, kazi yake ni kuiwahi kemikali inayoitwa glayoksileti kabla haijageuka oksaleti, maana oksaleti ikizidi ikakutana na kalsiamu ndo mawe ya figo hayo. Kwa binadamu kinakaa kwenye peroksisomu, vijifuko vidogo sana vilivyotawanyika ndani ya seli. Nikakiunganisha na GFP, ile protini ya konyeza inayong'aa kijani, nikakiingiza kwenye seli za figo za tumbili, kesho yake nikazima taa nikachungulia maikroskopu nikitegemea kuona nukta nukta.

Hamna nukta. Seli yote kijani, imetapakaa kama uji, kiini tu ndo kimebaki cheusi katikati. Nikarudia mara tatu, wiki mbili zikakatika, usingizi sipati.

Kulikuwa na dada mmoja wa Mombasa pale maabara, mtafiti mkubwa kwangu, akaja akachungulia akaniuliza kitu kimoja tu: GFP umeiweka mbele au nyuma?

Nyuma, dada.

"Basi umekiziba mkia, mdogo wangu."

Akachukua kalamu akaandika kwenye boksi la glavu, KKL. Lisini, lisini, lusini, protini ni mnyororo wa amino asidi na hizo ndo tatu za mwisho kabisa za AGT, hiyo ndo anwani yake, na kipokezi kinachoitwa Pex5 kinazishika zikiwa mwishoni kabisa, ukibandika kitu nyuma yake hakizipati tena. Akaniambia mambo haya yalianzia kwa kimulimuli, 1987 watafiti waliweka kimeng'enya chake cha mwanga kwenye seli za tumbili kikaenda chenyewe peroksisomu, baadaye ikaonekana mkia wake ni SKL. Mdudu na tumbili wanasoma anwani moja! Nimekua Muheza nikikimbiza vimulimuli, mwili ulinisisimka kweli.

Halafu akaniambia kuhusu wagonjwa. Kuna watu AGT yao inafanya kazi vizuri tu ila amino asidi mbili zimebadilika, basi inaenda mitokondria, sehemu nyingine ya seli, badala ya peroksisomu, na figo zinaharibika, wengine wakiwa bado watoto. Kimeng'enya kipo kizima, kipo nyumba ya jirani. Hilo liliniuma sana.

Nikaunda upya, GFP mbele, mkia wazi. Usiku ule nilipozima taa zilikuwepo, nukta za kijani mamia, nyingine zinatembea taratibu. Nikamwita dada, akainama akaangalia muda mrefu bila kusema kitu.

"Eeh," akasema, "hizo sasa."