GDB inavyotafuta jina ndani ya programu

Ukifungua programu, GDB (chombo cha kutafuta hitilafu katika programu) haisomi kila kitu. Huchukua kwanza jedwali la .symtab la faili la ELF (muundo wa faili za programu kwenye Linux), ambamo huchukua majina na anwani, kisha hujenga faharasa nyepesi ya taarifa za DWARF (maelezo ya utatuzi ambayo kikusanyaji huyaweka ndani ya faili). Maelezo kamili (aina, vigeu, namba za mistari) hufunguliwa pale tu yanapohitajika. Programu ikiwa kubwa, endesha gdb-add-index mara moja ili faharasa ihifadhiwe humo humo.

Ukiandika print x ili kuona thamani ya kigeu x, utafutaji huanzia bloku ya ndani kabisa ya fremu uliyopo (mwito wa funksheni unaoukagua), hupanda hadi bloku ya nje ya funksheni, kisha majina ya static (yanayoonekana ndani ya faili moja tu) ya faili hilo, halafu ya jumla. Ndiyo maana x ya ndani huifunika ya nje. Ya nje, ikiwa imetangazwa nje ya funksheni katika faili hesabu.c, utaipata kwa print 'hesabu.c'::x.

Ukiambiwa "'x' has unknown type", jina limepatikana .symtab lakini DWARF haipo: huenda umesahau chaguo la -g ulipokusanya programu. Kwa dharura, print (int)x (kumwambia GDB aina mwenyewe) hufanya kazi, ila aina ukiikosea, namba itakudanganya.